Farasi Ana Homa, Amepauka, Anakonda: Kusaka Vimelea Kwenye Damu Yake

Karatasi ya maabara inaposema farasi ana kingamwili za Theileria equi, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, haijasema kwamba kimelea hicho ndicho kinachomuumiza leo. Katika nchi zenye kupe wengi kama Kenya na Tanzania, farasi na punda waliokulia malishoni mara nyingi wameshakutana nacho wakiwa wadogo, na aliyeambukizwa kwa kawaida hubaki nacho maisha yake yote. Ukimpima farasi anayekohoa, kingamwili zitaonekana. Ukimpima anayechechemea, zitaonekana vilevile. Nimeona farasi wakitibiwa biliari, kama wenye farasi wengi wa Kenya wanavyouita ugonjwa wa kimelea hicho, kwa sababu ya jibu hilo peke yake, huku chanzo halisi cha kukonda kwao kikiendelea kuwatafuna.

Kwa hiyo tunaanza na anachokiona saisi bandani, ndipo twende kwenye damu. Na kabla ya kulipia kipimo chochote, jiulize kinajibu swali gani. Slaidi (damu iliyopakwa kwenye kioo cha hadubini), sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu) na PCR (kipimo cha vinasaba) vinamtafuta mdudu mwenyewe: yumo kwenye damu sasa hivi au hayumo? Vipimo vya kingamwili, kama ELISA na IFAT, vinauliza kama mwili wa farasi umewahi kukutana naye. Kundi la tatu ni PCV (yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu), protini, albumini (protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa) na vimeng'enya vya ini. Hili halimtaji mdudu yeyote, linaonyesha hasara iliyokwisha kufanyika. Farasi aliye mgonjwa anahitaji kundi la kwanza na la tatu kwa pamoja. Watu wengi hulipia la pili tu.

KABLA YA KUCHOMA SINDANO

Mpime joto akiwa ametulia. Farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Kisha mfungue mdomo uangalie ufizi, na upindue kope uone utando wa ndani, kwenye mwanga wa jua na si chini ya taa ya banda, maana taa nyingi hupaka kila kitu umanjano.

Halafu inua mkia. Kupe mwenye miguu myekundu, Rhipicephalus evertsi, akishakomaa hukaa kuzunguka mkundu na chini ya mkia, na wadogo wake hujificha ndani kabisa ya sikio. Saisi anaweza kumsugua farasi kila asubuhi mpaka ang'ae na bado asimwone kupe hata mmoja, kwa sababu hafiki sehemu hizo mbili. Na huyo ni miongoni mwa kupe wanaoeneza Theileria equi katika ukanda wetu. Ukimkuta, andika kwenye fomu ya maabara.

Sasa damu yenyewe. Wengu wa farasi ni ghala la chembe nyekundu: akishtuka, akikimbizwa au akipambana na kamba, wengu hujibana na kumwaga akiba hiyo kwenye mishipa, na PCV hupanda ndani ya dakika chache. Farasi aliyepungukiwa damu kweli anaweza kutoa jibu la kuridhisha kwa sababu tu watu watatu walimkaba wakati wa kumchoma. Farasi mwenye wasiwasi msubiri. Mwache na mtu anayemfahamu, apumue, ndipo uchukue damu kwenye mshipa wa shingo. Kama haikuwezekana kumtuliza, andika hivyo kwenye fomu, ili atakayesoma jibu ajue.

Chukua vichupa viwili. Chenye kifuniko cha zambarau kina EDTA, dawa inayozuia damu isigande. Hicho ni cha PCV, slaidi na PCR. Kijaze mpaka kwenye alama, kisha kigeuze juu chini taratibu mara kadhaa bila kukitikisa. Chenye kifuniko chekundu ni cha seramu, kwa ajili ya kingamwili, protini na ini. Kiache kisimame damu igande, ndipo kiende kwenye baridi. Damu nzima isigandishwe kwenye friza, kwa sababu chembe hupasuka na kichupa chote huharibika.

Tengeneza slaidi mbili tatu papo hapo, usingoje ufike mjini. Moja iwe ya tone la ncha ya sikio, kwa sababu kwenye mishipa midogo Babesia caballi hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Zikauke kwa hewa, uzizamishe kwenye methanoli, uzifunike. Slaidi iliyoachwa wazi bandani nzi huila damu ikabaki na matundu, na slaidi iliyosafirishwa kwenye sanduku moja na chupa ya fomalini haishiki rangi vizuri.

HOMA YA GHAFLA, UFIZI UMEPAUKA AU UMEGEUKA MANJANO

Hii ndiyo picha ya piroplasmosi, yaani biliari, ugonjwa wa kupe unaoletwa na Theileria equi na Babesia caballi. Homa hupita nyuzi 40, farasi anaacha kula, anazubaa, anahema haraka, na anaweza kukojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa. Tangu kupe aume mpaka homa ianze hupita siku 12 hadi 19 kwa Theileria, na 10 hadi 30 kwa Babesia. Kwa hiyo uliza alikuwa wapi wiki mbili au tatu zilizopita. Alikolala jana hakutakusaidia sana.

Kwanza ondoa lisiloweza kungoja. Kama mashimo ya juu ya macho yamejaa na kuvimba, kama anahema kwa shida au povu linatoka puani, mtenge na wenzake, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo na toa taarifa. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ni wa virusi na huenezwa na visubi, na muda wa kukaa kwenye hadubini mnakuwa hamna.

Kama si hivyo, anza na slaidi. Itie rangi ya Giemsa, itazame kwa lenzi ya mafuta, na usiishie katikati ambako chembe zimelundikana. Nenda kwenye ncha nyembamba na kingo za slaidi, mahali chembe zimekaa moja moja. Theileria equi ni kidoa kidogo cha zambarau, chini ya mikromita 3, ndani ya chembe nyekundu. Kimoja kimoja ni rahisi kukichanganya na uchafu wa rangi au chembe sahani iliyokaa juu ya chembe nyekundu. Zungusha kitufe cha kulenga polepole: uchafu utaonekana kwenye kimo tofauti na chembe, kimelea kitaonekana pamoja nayo. Ukivikuta vinne vimekutana ncha kwa ncha, vimefanya msalaba ndani ya chembe moja, hiyo ni Theileria na huna haja ya kubishana tena. Babesia caballi ni wakubwa zaidi, wawili wawili, wenye umbo la tone, wameungana kwenye ncha zao. Hao ni wachache sana. Hata farasi akiwa hoi, mara nyingi hawafikii asilimia 1 ya chembe nyekundu, ilhali Theileria kwa mgonjwa huweza kufika asilimia kadhaa na wakati mwingine zaidi ya hapo sana.

Hapo ndipo kosa kubwa la kusoma slaidi linapotokea. Mtaalamu anatazama sehemu chache, haoni kitu, anaandika "hakuna vimelea". Kwa Theileria, farasi akiwa na homa kali, jibu hilo lina uzito kiasi. Kwa Babesia halina uzito. Omba slaidi nene, rudia siku ya pili wakati homa iko juu, au peleka kichupa cha zambarau kikafanyiwe PCR. Kenya, maabara za mifugo za Kabete na taasisi ya utafiti iliyoko Muguga zina historia ndefu na magonjwa haya ya damu; Tanzania kuna maabara ya taifa ya mifugo Temeke na kituo cha Tanga cha magonjwa yaenezwayo na wadudu. Piga simu kabla hujatuma sampuli, uulize ni vipimo gani vinafanyika wiki hiyo na wanataka kichupa kipi.

Sasa umanjano, kwa sababu unapotosha watu wengi. Farasi akikaa siku moja bila kula, kwa sababu yoyote ile, bilirubini (rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu zilizochakaa) hupanda kwenye damu yake na ufizi hugeuka manjano. Ini lake ni zima na chembe zake hazipasuki; ni maumbile ya farasi. Zaidi ya hapo, plazma ya farasi ni ya njano kiasi hata akiwa buheri wa afya, na aliyezoea damu ya ng'ombe au mbwa anaweza kuishtukia. Manjano yakiambatana na PCV iliyoshuka, tafuta kinachopasua chembe. Manjano na PCV nzuri, uliza kwanza alikula lini mara ya mwisho, kisha upime ini, hasa kama malisho yana Crotalaria au Senecio, mimea inayoharibu ini la farasi polepole kwa miezi.

Mkojo mweusi nao una mtego wake. Unaweza kutokana na chembe nyekundu zilizopasuka, au na misuli iliyoharibika baada ya kazi nzito. Tazama plazma baada ya kuzungusha mrija kwenye sentrifuji. Chembe zikiwa zimepasuka ndani ya mwili, plazma nayo huwa ya waridi au nyekundu. Ikiwa ni misuli, plazma hubaki angavu, kwa sababu rangi ya misuli huchujwa na figo haraka. Ila hakikisha uwekundu huo haukutokana na wewe: sindano nyembamba, kuvuta bomba kwa nguvu au kutikisa kichupa hupasua chembe pia. Ukiwa na shaka, chukua damu upya kwa upole kabla hujaamua lolote.

PCV UMEIPATA, SASA INAMAANISHA NINI?

Farasi aliyetulia huwa kati ya asilimia 32 na 48 hivi. Punda huweza kuwa chini kidogo ya hapo na bado akawa mzima. Soma PCV na protini kwa pamoja. Vyote viwili vikiwa juu, huenda hana maji mwilini, na akishanyweshwa utaona PCV ikianguka ghafla na ukadhani ugonjwa umezidi. PCV chini na protini ya kawaida inaelekeza kwenye chembe kupasuka. PCV chini na protini chini inaelekeza kwenye damu inayopotea, iwe kwa jeraha, kwa minyoo au kwa kupe waliojaa.

Farasi ana jambo jingine la kipekee. Mwili wa ng'ombe au mbwa aliyepungukiwa damu hutoa chembe changa kwenye mishipa, na maabara huzihesabu kuona kama uboho unaitikia. Farasi huzishikilia ndani ya uboho wake mpaka zikomae. Kwa hiyo ripoti ikisema "hakuna dalili za kutengeneza damu mpya", usimkatie tamaa. Rudia PCV kila baada ya siku chache, kwa saa ile ile na katika utulivu ule ule, uone inaelekea wapi. Itapanda polepole, kwa wiki kadhaa.

Na ukiona kwenye slaidi chembe zimepangana safu safu, hiyo kwa farasi ni kawaida. Kama unahofia zimegandamana kwa sababu ya ugonjwa, changanya tone la damu na maji ya chumvi ya hospitali. Safu za kawaida zitaachana, mgandamano wa kweli hauachani.

KINGAMWILI ZIKO, FARASI HANA KITU

Usimtibu. Najua ni vigumu kuambiwa hivyo ukiwa na karatasi mkononi, lakini farasi aliyezaliwa na kukulia penye kupe, mwenye Theileria kidogo kwenye damu, ana kinga inayomlinda dhidi ya ugonjwa mkali. Dawa aghalabu haimmalizi Theileria, humpunguza tu. Na dawa zenyewe si za mchezo. Imidokabi, dawa ya kuua vimelea hivi, humletea farasi maumivu ya tumbo na mate mengi, na kwa punda na nyumbu hatari yake ni kubwa zaidi, kiasi kwamba dozi iliyovumiliwa na farasi inaweza kumuua punda. Mwenye punda Lamu asikubali kuchomewa dawa hiyo kwa kukisia.

Anayestahili wasiwasi ni yule asiye na kingamwili kabisa. Farasi aliyeletwa kutoka nchi isiyo na ugonjwa huu, akashushwa kwenye malisho yenye kupe wa kwetu, hana kinga yoyote. Kwake karatasi safi ni onyo. Mpime joto kila siku kwa wiki nne tano za kwanza, na mtoe kupe bila kusamehe hata mmoja.

Mbebaji wa miaka mingi naye anaweza kuugua tena. Safari ndefu kwenye lori, mazoezi makali kabla ya mashindano, ugonjwa mwingine au sindano za steroidi humwamsha Theileria aliyekuwa amelala. Kwa farasi wa namna hiyo kingamwili hazikuambii kitu, kwani alikuwa nazo tangu zamani. Slaidi au PCR pamoja na PCV ndivyo vitakavyosema.

Kingamwili zina kazi yake halali, na kazi kuu ni kusafirisha. Shirika la afya ya wanyama duniani linakubali IFAT na cELISA (aina ya ELISA) kwa farasi wanaovuka mipaka, na Marekani mwaka 2005 ilihamia cELISA kwa farasi wanaoingia, ikiacha kutegemea kipimo cha zamani cha CFT peke yake, ambacho huanza kufifia miezi michache baada ya maambukizi na kuwakosa wabebaji wa muda mrefu. Hata cELISA ina pengo. Mwaka 2018 wanasayansi walieleza spishi mpya, Theileria haneyi, ambayo kipimo hicho cha T. equi hakiioni.

ANAKONDA, HOMA INAKUJA NA KUONDOKA, MIGUU NA TUMBO LA CHINI VIMEVIMBA

Fikiria tripanosoma, vimelea vinavyoogelea kwenye damu. Penye mbung'o, au ndorobo kama wasemavyo Tanzania, ni nagana: vichaka vya Mara ambako farasi wa utalii hupita, Shimba Hills, na kando ya hifadhi nyingi. Pasipo na mbung'o lakini penye ngamia, kama kaskazini mwa Kenya, fikiria sara, inayoletwa na Trypanosoma evansi na kubebwa na nzi wa kawaida wanaouma. Farasi huumia vibaya kuliko ngamia. Hula vizuri na bado hukonda, upande wa nyuma hulegea, anayumba akigeuzwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi hapa ni cha bei rahisi kuliko vyote. Jaza damu kwenye mrija mwembamba wa kapilari, uuzungushe kwenye sentrifuji dakika tano, kisha uulaze chini ya hadubini na utazame pale plazma inapokutana na utando mweupe wa chembe nyeupe. Tripanosoma aliye hai anaonekana hapo akijinyonga na kuzisukuma chembe pembeni. Huhitaji rangi, unahitaji macho na subira. Na mrija ule ule umekupa PCV.

Ila lazima awe hai. Kwenye joto la Kwale au Isiolo vimelea hivi hufa kichupani ndani ya saa chache, na sampuli iliyopanda basi la usiku hadi Nairobi inafika bila kitu cha kuona. Kama maabara iko mbali, pakaza slaidi hapo hapo kwa ajili ya rangi, na damu ya EDTA itunzwe kwenye barafu kwa ajili ya PCR. Na kwa kuwa vimelea hupanda na kushuka kwenye damu pamoja na homa, jibu moja tupu halitoshi. Chukua siku tatu mfululizo, ikiwezekana asubuhi, na kila mara homa inapopanda.

Kipimo cha kadi kinachoitwa CATT hutumika kwa sara na ni chepesi kukifanya shambani. Kinatafuta kingamwili za aina moja ya protini ya ganda la kimelea, na kuna trypanosoma aina B, waliopatikana kwa ngamia wa Kenya, ambao hawana protini hiyo. Kadi itasema hapana na farasi ataendelea kudhoofika. Dalili zikikubana, amini dalili, urudi kwenye mrija na PCR.

Neno moja kuhusu durini, ambayo huambukizwa kwa kupandana na bado ipo Ethiopia: uvimbe wa sehemu za siri, mabaka ya duara yaliyovimba kwenye ngozi, kisha kupooza. Trypanosoma equiperdum ni nadra kuonekana kwenye damu, na kipimo cha kingamwili hakiwezi kumtenganisha na evansi. Historia ya upandishaji ina thamani kubwa hapa, iulize.

ANAHARISHA, AMEISHA MWILI, KINYESI HAKINA MAYAI

Watu huliona jibu la kinyesi safi wakaiondoa minyoo kwenye orodha. Minyoo midogo myekundu, siathostomini, hukaa miezi mingi ikiwa mabuu ndani ya ukuta wa utumbo mpana, na buu halitagi. Siku mabuu hayo yakitoka kwa wingi, utumbo unachanika, protini inavuja, farasi anaharisha na kukonda mbele ya macho yako. Karibu nusu ya wanaofikia hali hiyo hufa hata wakitibiwa.

Damu itakuonyesha albumini iliyoanguka. Ikikaribia gramu 15 hadi 20 kwa lita, maji huanza kutoka kwenye mishipa na utaona uvimbe chini ya tumbo, kifuani na kwenye govi. Bonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uvimbe huo unafanana na wa tripanosoma, na kipimo cha kuwatenganisha ni hicho hicho cha PCV na protini: trypanosoma huangusha PCV, mabuu huangusha albumini kwanza. Globulini, kundi jingine la protini za damu, huweza kupanda. Eosinofili, chembe nyeupe ambazo wengi huzitazama wakishuku minyoo, usizitegemee, maana farasi aliyejaa minyoo mara nyingi huwa nazo za kawaida kabisa.

Uingereza tangu 2019 kuna kipimo cha damu cha kingamwili za siathostomini, kinachohesabu hata mabuu yaliyojificha. Ni hatua nzuri, lakini kilitengenezwa ili kumtambua farasi mzima asiyehitaji dawa, kupunguza usugu wa minyoo. Anayeharisha leo hana muda wa kusubiri jibu hilo. Kwake albumini, umri, rekodi ya dawa za minyoo na minyoo myekundu midogo kwenye kinyesi vinatosha kumfanya daktari aanze kazi.

Minyoo mikubwa ya damu, Strongylus vulgaris, ni hadithi inayokaribiana. Mabuu yake huzunguka kwenye mishipa inayolisha utumbo, na miezi sita hadi saba hupita kabla ya yai la kwanza kuonekana. Mtoto wa farasi wa miezi mitano anaweza kufa kwa maumivu ya tumbo huku kinyesi chake kikiwa safi.

Penye majani ya bondeni na konokono wa maji, ongeza GGT na GLDH, vimeng'enya vya ini, kwenye orodha, kwa ajili ya mchango wa ini, yaani mnyoo bapa anayekaa kwenye ini. Punda wanaochunga pamoja na ng'ombe kwenye mabwawa huupata.

TUMBO LINAMKATA KILA BAADA YA WIKI CHACHE

Tegu wa farasi, Anoplocephala perfoliata, hujikusanya pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, na anahusishwa na msokoto wa tumbo na kuziba kwa sehemu hiyo. Mayai yake hutoka kwa vipande na kwa vipindi, kwa hiyo kinyesi humkosa mara nyingi. Kipimo cha kingamwili kwenye seramu kina nguvu zaidi, na hapa napendelea kukitumia. Kumbuka tu kwamba kingamwili haziondoki siku tegu anapokufa. Ukipima mwezi mmoja baada ya dawa utaona namba kubwa na kudhani dawa imeshindwa. Subiri miezi mitatu minne.

MTOTO WA FARASI

Usipime kingamwili za piroplasmosi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitano au sita, maana utakuwa unapima maziwa ya kwanza ya mama yake. Aliyezaliwa akiwa manjano na dhaifu, au mimba iliyoharibika, inaweza kuwa Theileria iliyopita kwenye kondo; slaidi na PCR vitaonyesha. Aliyezaliwa mzima, akanyonya, akageuka manjano siku ya pili au ya tatu ni jambo tofauti: huenda kingamwili za mama zinapasua chembe zake, na daktari anapaswa kuitwa saa hiyo hiyo.

BAADA YA MATIBABU

Rudia PCV na albumini siku ya tatu, kisha kila wiki mpaka vitulie. Slaidi au mrija wa kapilari urudiwe wiki moja baada ya dawa, na kwa trypanosoma tena baada ya mwezi mmoja na miezi miwili, kwa sababu wanaoweza kujificha kwenye ubongo na tishu hurudi kimya kimya. Kipimo cha kingamwili usikirudie kwa haraka. Kitabaki vilevile na kukutia hofu bure. PCV ikikataa kupanda na vimelea havionekani, omba kipimo cha Coggins, kwa kuwa virusi vya upungufu wa damu wa farasi hutoa picha inayofanana, na dawa ya kupe au minyoo haivigusi.